Faili la nyaraka za ajira linalouzwa Arusha: mikataba safi, chama cha wafanyakazi kikibisha hodi linakuangusha

Kwa Sh 280,000 unapata faili gumu la pete mbili, kurasa 118, flashi yenye nakala za kuhariri, na ahadi ya simu moja ya ushauri ukikwama. Wanunuzi wake wakubwa ni hoteli za kati mjini Arusha, kampuni za utalii, mashamba ya maua na mboga upande wa Usa River, na kule Moshi shule binafsi na viwanda vidogo. Ni waajiri wenye watu 20 hadi 150: wengi mno kuendeshwa kwa maneno ya mdomo, wachache mno kumlipa wakili kila mwezi. Muuzaji hatumtaji. Kurasa nyingi za faili hili zimo pia kwenye mafaili ya wauzaji wengine, kosa kwa kosa hadi herufi iliyoruka, kwa hiyo tathmini hii itakufaa hata kama lako lina jalada la rangi nyingine.

Tumelisoma sheria ikiwa pembeni: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, Kanuni za Utendaji Bora za 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42), Kanuni za Jumla za 2017 (Tangazo Na. 47) na Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kazi Na. 2 ya 2025. Namba za vifungu tunazotaja ni za sheria ilivyotungwa mwaka 2004.

Tuanze na kizuri, maana kipo. Mkataba wa ajira umekamilika kuliko mingi inayochapwa pale kwenye stationery za karibu na stendi. Una jina, umri, jinsia na anwani ya kudumu, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa, ujira na namna unavyokokotolewa. Saa 45 kwa wiki zimeandikwa sawasawa, saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, likizo ya mwaka ni siku 28. Hati ya kumwita mtu kwenye kikao cha nidhamu inampa saa 48 za kujiandaa na inamwambia wazi kwamba anaweza kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Hapo waajiri wengi hujikwaa, faili halijikwai.

Kasoro ya upande huu ni lugha. Nusu ya nyaraka ziko kwa Kiingereza, mkataba wa mtunza bustani ukiwamo. Sheria inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa maandishi anaelezwa kwa namna atakayoelewa, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini. Kutoa mkataba wa Kiingereza Njiro au Majengo ni kujitafutia maswali bure.

Kasoro ya pili ya upande huu ni umri wa faili. Fomu ya mkataba wa muda maalumu bado inasema mkataba wa aina hiyo ni wa wataalamu na mameneja tu. Marekebisho ya 2025 yamepanua wigo: kazi za msimu na ongezeko la kazi la muda sasa ni miongoni mwa mazingira yanayoruhusu. Kwa Kaskazini hili ni jambo zito, kwa sababu uchumi wetu ni wa msimu: wageni wa Juni hadi Oktoba, mavuno ya kahawa, wapagazi wa mlimani. Tena linagusa chama moja kwa moja. Mpishi wa msimu naye ni mwajiriwa na anahesabiwa unapotafuta nani ana wingi wa wanachama. Chama chenye wingi Machi kinaweza kuukosa Agosti, na faili halina hata mstari mmoja unaosema hesabu inapigwa tarehe ipi.

Sasa kurasa za 71 hadi 96, ambazo kichwa chake ni "Kushughulikia Vyama". Neno lenyewe linakwambia mwandishi alikuwa na mtazamo gani. Ukurasa wa 72 unamwambia mwajiri awasiliane na "Kamati ya Wafanyakazi" kabla ya kujibu barua ya chama. Kamati hizo zilikuwa chombo cha sheria ya usalama wa ajira ya 1964, enzi za NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima. Sheria ya 2004 iliifuta sheria hiyo. Mtu aliyeacha neno hilo kwenye faili la leo alinakili faili la babu yake na kubadilisha jalada.

Kosa kubwa kuliko yote liko ukurasa wa 74. Kuna barua moja tu ya kujibu chama chochote, kwa ombi lolote: "Menejimenti haitambui chama chenu mpaka mthibitishe kuwa na zaidi ya asilimia 50 ya wafanyakazi." Mwajiri anaipenda kwa sababu ni fupi na ina sauti ya mamlaka. Ni hatari kwa sababu inachanganya haki mbili ambazo sheria imezitenganisha.

Haki ya kwanza ni ya chama chochote kilichosajiliwa, hata kikiwa na wanachama wanne kwako. Kifungu cha 60 kinampa mwakilishi wake aliyeidhinishwa ruhusa ya kuingia kazini kuandikisha wanachama, kuzungumza nao, kufanya mikutano na kupiga kura za chama. Wewe unaweza kuweka masharti ya busara ya muda na mahali, kwa mfano saa nane mchana baada ya wageni kula, kwenye bwalo la wafanyakazi. Huwezi kuweka sharti la wingi. Wakifika wanachama kumi, chama kinaweza kufungua tawi. Makato ya ada chini ya kifungu cha 61 nayo hayategemei wingi: mfanyakazi mmoja akikuletea fomu ya TUF. 6, ile ya kuidhinisha makato, iliyosainiwa, unakata.

Haki ya pili, ya kifungu cha 67, ndiyo inayohitaji wingi: kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Hapa hata mwajiri hana uhuru wa kuwa mkarimu, kwa sababu sheria inamzuia kukitambua chama kisicho na wingi katika kundi la majadiliano, yaani wafanyakazi ambao chama kinataka kujadiliana kwa niaba yao.

Kwa hiyo CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, wakiandika barua hotelini kuomba kuingia na kukatiwa wanachama wao ada, ukawajibu kwa barua ya ukurasa wa 74, umewanyima haki ya kwanza kwa sababu ya masharti ya haki ya pili. Kinachofuata kinajulikana. Chama kikishatoa taarifa kwa fomu iliyowekwa, una siku 30 za kukutana nacho kuandika makubaliano. Zikipita bila kikao, au kikao kikivunjika, mgogoro unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na usipotatuliwa huko unakwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Barua yako ya mistari mitatu itakuwa kiambatanisho cha kwanza cha mlalamikaji.

Tunachoshauri badala yake ni barua mbili. Ya kwanza, siku barua ya chama inapofika: gonga muhuri wa kupokea wenye tarehe, jibu ndani ya wiki, taja siku ya kikao ndani ya zile siku 30, na omba nakala ya cheti cha usajili pamoja na jina la mwakilishi aliyeidhinishwa. Ya pili, chama kikidai utambuzi: andaa orodha ya kundi la majadiliano kabla ya kikao, si ndani ya kikao. Mfano: una wafanyakazi 84, na 6 ni menejimenti ya juu. Kundi ni 78, nusu ni 39, wingi unaanza 40. Faili linapiga hesabu kwa 84 na kudai 43. Watu watatu wanaonekana wachache mpaka chama kiwe na 41.

Na hao menejimenti ya juu ni nani? Faili, ukurasa wa 77, linawaorodhesha "supavaiza wote, mhasibu, mpishi mkuu, dereva kiongozi na mlinzi mkuu" kuwa hawaruhusiwi kujiunga na chama cha wenzao. Kifungu cha 9 kinamtaja mtu ambaye kwa nafasi yake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri na ameruhusiwa kuingia mikataba ya pamoja kwa niaba hiyo. Mpishi mkuu anapanga menyu, hatungi sera ya mishahara. Dereva kiongozi anapanga magari ya Tarangire na Ngorongoro kesho asubuhi, hasaini mkataba na chama. Ukiwakataza hawa kujiunga, umebagua kwa misingi ya uanachama, jambo ambalo kifungu hichohicho kinalikataza. Orodha hiyo ing'oeni na kuchana.

Fomu za makato ziko kurasa za 79 hadi 82, nazo zinafaa nusu. Jedwali lina jina, ujira na kiasi, lakini halina safu ya tarehe ya kusaini wala ya kujitoa. Tarehe ndiyo kila kitu pale mfanyakazi anapokuwa na fomu za vyama viwili, jambo la kawaida mahali ambapo TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, na chama kingine wanagombea watu walewale. Mfanyakazi anajitoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Hakuna notisi, makato yanaendelea kwa chama cha kwanza. Mwajiri asijifanye mwamuzi kwa kuangalia chama anachokipenda. Ongeza safu hizo mbili, na kila mwezi peleka kwa chama orodha ya waliokatwa pamoja na nakala za notisi za kujitoa.

Tarehe ya kuwasilisha makato imeandikwa "mwisho wa mwezi unaofuata". Si kweli. Ni siku saba baada ya mwisho wa mwezi wa makato. Ukichelewa bila sababu ya msingi, unadaiwa asilimia 5 ya jumla kwa kila siku. Tuseme wanachama 46, ujira wa wastani Sh 400,000, ada asilimia 2: ni Sh 8,000 kwa mtu, Sh 368,000 kwa mwezi. Asilimia 5 yake ni Sh 18,400 kwa siku. Ukifuata faili ukalipa tarehe 27, umechelewa siku 20, na adhabu ni Sh 368,000, yaani umelipa mara mbili. Mhasibu awe macho na miezi miwili hasa: makato ya Machi mwisho wake ni 7 Aprili, Siku ya Karume, na ya Juni mwisho wake ni 7 Julai, Sabasaba. Benki zimefungwa siku zote mbili. Ya Julai yaishe kabla watu hawajaanza kuelekea viwanja vya Nanenane pale Themi.

Ada ya uwakala, ile inayokatwa kwa asiye mwanachama ndani ya kundi, faili linaishughulikia kwa aya moja: "Mwajiri atawakata wafanyakazi wote ada ya chama kinachotambulika." Kwa maneno hayo umeshamwingiza asiye mwanachama kwenye chama kwa nguvu, na makubaliano ya kulazimisha uanachama hayatekelezeki kisheria. Kifungu cha 72 kinaruhusu ada ya uwakala kwa masharti: kuwe na mkataba wa maandishi na chama kilichotambuliwa, mtu asilazimishwe kuwa mwanachama, kiasi kisizidi ada ya mwanachama, na fedha ziingie akaunti ya pekee zitumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa sehemu hiyo ya kazi. Kwenye hati ya mshahara andika mistari miwili tofauti, "ada ya chama" na "ada ya uwakala". Mfanyakazi akiona neno moja kwa wote atakuja ofisini kukuuliza nani alimsajili.

Idadi ya wawakilishi wa chama: faili linahesabu kwa wafanyakazi, sheria inahesabu kwa wanachama. Mwanachama 1 hadi 9, mwakilishi mmoja; 10 hadi 20, watatu; 21 hadi 100, kumi; zaidi ya 100, kumi na tano, na kati ya hao kumi na tano angalau watano wawakilishe wanawake. Shamba la maua lenye wanawake wengi kwenye ufungashaji lisisahau hilo la mwisho. Wawakilishi hawa wana haki ya muda wa kazi unaolipwa kwa shughuli zao, kwa hiyo kukosea hesabu ni kukosea ratiba ya zamu. Faili halisemi lolote kuhusu kuomba muda huo. Weka fomu ya ruhusa ya saa chache yenye sahihi ya msimamizi wa zamu, ubishi utapungua.

Rasimu ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama, kurasa za 84 hadi 91, ndiyo sehemu iliyotushangaza kwa uzuri. Viwango vya mshahara, posho ya usafiri wa usiku, mazishi, sare, vyote vimewekwa kwa lugha nyepesi. Hata fulana na gari la Mei Mosi vina kipengele chake, na asiyejua ugomvi wa fulana za Mei Mosi hajawahi kukaa ofisi ya rasilimali watu. Rekebisha viwango tu: amri mpya ya kima cha chini cha sekta binafsi inatumika kuanzia 1 Januari 2026, na faili bado lina viwango vya 2023. Linakosa mambo matatu mengine. Halisemi mkataba unaanza lini. Ukinyamaza, unafunga tangu sahihi ya mwisho, na mwajiri aliyesaini tarehe 28 akidhani nyongeza ni ya mwezi ujao ataumia. Halina kipengele cha kuvunja mkataba kwa notisi ya muda fulani, kwa hiyo mtabishana "notisi ya kutosha" ni siku ngapi. Na halikumbushi kwamba nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi.

Kuna pia barua ya "kufuta utambuzi". Inafuta papo hapo, kwa sababu "wanachama wamepungua". Kifungu cha 69 kinamtaka mwajiri kwanza akipe chama notisi ya miezi mitatu kurudisha wingi. Msimu wa wageni ukianza au kuisha katikati ya miezi hiyo, wingi unaweza kurudi wenyewe, au kutoweka kabisa. Ndiyo maana tulisema tarehe ya kuhesabu iandikwe.

Kupunguza wafanyakazi kuna fomu mbili tu, notisi na hati ya malipo. Malipo yamekokotolewa vizuri: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 6 na miezi 8 anapata siku 42, na faili limeweka hata mfano. Kilichopotea ni kilicho katikati, yaani mashauriano. Kifungu cha 38 kinataka taarifa mara wazo linapoanza kuwa la kweli, kutoa habari zote muhimu, kisha kushauriana juu ya sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua nani aondoke, lini, na malipo. Unashauriana na chama kinachotambuliwa. Pia na chama kilichosajiliwa chenye wanachama ambao hawawakilishwi na hicho. Pia na wasiowakilishwa na yeyote. Andaa muhtasari wa kila kikao wenye sahihi za pande zote. Anayefukuzwa ana siku 30 za kupeleka malalamiko CMA kwa fomu ya CMA F.1, na hapo atakayeulizwa muhtasari ni wewe.

Ukurasa wa 94 hatukuamini macho yetu. Kichwa: "Mpango wa Dharura wa Mgomo." Hatua ya pili: "Leta vibarua wa kujaza nafasi za waliogoma." Katika mgomo halali, kifungu cha 76 kinakataza kutumia wafanyakazi mbadala, kama kinavyokataza upande wa pili kuweka vizuizi langoni au kumfungia mwajiri ndani. Mgomo halali una ngazi zake: mgogoro wa maslahi (madai ya kitu kipya kama nyongeza, si ya haki iliyopo tayari), CMA, siku 30 za usuluhishi kupita bila muafaka, kura ya chama, kisha notisi ya saa 48. Mpango wa dharura wa kweli unatumia siku hizo 30 kuzungumza na saa 48 kupanga: wageni gani wahamishiwe hoteli jirani, chakula gani kisinunuliwe, nani wa menejimenti ashike mapokezi. Usipige simu kwa wakala wa vibarua.

Je, ununue? Kama huna mkataba hata mmoja wa maandishi, ndiyo: kurasa za 1 hadi 70 zinalipa gharama yake, ukishazitafsiri na kurekebisha ule mkataba wa muda maalumu. Rasimu ya mkataba wa hali bora ichukue, uongeze yale matatu na viwango vipya. Kurasa za 72, 74, 77, 94, aya ya ada ya uwakala na barua ya kufuta utambuzi zitoe kabisa kwenye pete, na uzifute kwenye flashi pia, maana karani mpya hufungua flashi kabla ya faili. Kama tayari mna chama kinachotambuliwa, faili hili halina jipya kwenu. Fedha hiyo lipeni saa chache za mtu anayejua CMA, mkae naye na orodha ya mishahara na mkataba wenu wa sasa mezani.

Ile simu moja ya ushauri tuliijaribu kwa swali la siku saba za kuwasilisha makato. Jibu lilikuwa "mwisho wa mwezi unaofuata". Nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya fulana za Mei Mosi.